Masizi Chini ya Sikio

Eliezeri, mganga msaidizi katika hospitali moja ya Mbeya, alikuwa mtu wa kupenda mambo yanyooke. Viatu vyake vyeupe alivipaka chokaa kila Jumamosi, kalamu zake alizipanga mezani kwa urefu, na daftari lake la wagonjwa hakuruhusu mkono mwingine uliguse. Kwa hiyo barua ilipofika kutoka Dar es Salaam, mwanzoni mwa mwaka 1957, ikiuliza kwa nini jimbo zima la Nyanda za Juu Kusini halijapeleka hata mgonjwa mmoja wa uvimbe wa tezi za mate kwa miaka sita, aliona ametukanwa.

Alijibu kwa mstari mmoja kwamba wagonjwa wa aina hiyo hawapo. Na kweli, katika daftari lake hawakuwapo.

Aliyeandika barua hakuwa mtu wa kuridhika na mstari mmoja. Alikuwa daktari wa Kizungu, mzee, mwembamba, aliyejitwika kazi ya kuhesabu uvimbe huo Tanganyika nzima, jimbo kwa jimbo, ili kwa kuwa mwaka ule ulikuwa wa sensa apate kujua katika kila watu laki moja wanaougua ni wangapi. Pwani walikuwapo. Jimbo la Ziwa walikuwapo. Kwenye ramani yake, pembe ya kusini-magharibi ilikuwa nyeupe. Mwezi wa tano akaja mwenyewe, gari limejaa vumbi, akaitandaza ramani hiyo juu ya meza ya Eliezeri bila kujali mpangilio wa kalamu.

"Ikiwa nyeupe hivi, kuna mawili," alisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Ama watu hawaugui, ama hakuna anayewaona."

Alikaa siku mbili akimfundisha. Tezi kubwa ya mate, alisema, iko mbele ya sikio na chini yake kidogo. Uvimbe wake huanza kama njegere. Hauumi, unateleza chini ya kidole, na unaweza kukaa miaka mitano au ishirini mpaka mwenyewe auzoee. Huo hukatwa, na mtu akarudi shambani kwake. Halafu siku moja, hakuna ajuaye kwa nini, unabadilika. Unakua kwa haraka, unakuwa mgumu, unashikamana na mfupa, na mwisho unaushambulia mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Daktari alishika shavu lake mwenyewe akalivuta chini mpaka mdomo ukaenda upande.

"Mwambie mgonjwa afumbe macho," alisema. "Jicho moja likikataa kufumba, ujue kisu kimechelewa."

Alimfundisha pia namna ya kupima, na katika hili alikuwa mkali. Usisimame mbele ya mgonjwa. Simama nyuma yake, kwa sababu ukimtazama usoni utaona unachotaka kuona. Weka vidole bapa, mikono miwili kwa pamoja, kulia na kushoto, uache vidole vyenyewe vikuambie tofauti. Eliezeri alijifunza upesi, na siku ya pili daktari alimsifu mbele ya watu. Sifa hizo alikwenda nazo nyumbani kichwa juu.

Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya mji, kwenye mteremko, ikizungukwa na migomba. Aliishi humo na mkewe Marta, mkamwana wao Tusajigwe, na mjukuu wao Damari aliyekuwa ametimiza miaka miwili. Mwanawe Lutengano, mume wa Tusajigwe, alikuwa kwenye migodi ya shaba Rodesia ya Kaskazini, na barua zake zilikuja mara chache kuliko mvua ya Agosti.

Sasa Eliezeri alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, na Wanyakyusa wa siku hizo, hata waliobatizwa, walikuwa na mwiko mmoja ambao kanisa lilikuwa limeukemea mpaka likachoka. Mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasalimiani, hawapokezani kitu mkononi, na mkamwana hatamki hata jina la mzee huyo. Miaka minne Tusajigwe alikuwa ameolewa katika nyumba ile, na Eliezeri hakuwahi kuuona uso wake. Alimjua kwa visigino vilivyokuwa vikitokomea nyuma ya migomba. Alipofika uani alikohoa mara mbili, na ndani zilisikika hatua za haraka, khanga ikivutwa kichwani, na mlango wa jiko ukifungwa. Akiwa na neno la kumwambia alimwambia Marta kwa sauti kubwa, na Tusajigwe akajibu kwa kumwambia Marta vilevile. Katika mengine yote Eliezeri alijiona mtu wa kisasa, mtu wa sindano na hadubini, lakini hili alilipenda. Liliipa nyumba yake heshima.

Na Eliezeri alimpenda mkamwana wake, tuseme ukweli. Alimpenda kwa sauti yake. Kila asubuhi, yeye akinyoa ndevu dirishani, Tusajigwe aliimba nyimbo za kanisani jikoni, na sauti ile iliufanya wembe uende taratibu. Tangu Pasaka ya mwaka ule alikuwa amegundua kasoro. Maneno yalikuwa yanatoka mazito, kama ya mtu mwenye ugali mdomoni, na mengine yalimezwa kabisa. Eliezeri, mtaalamu wa kusifiwa mbele ya watu, alidhani binti anaonja mboga huku akiimba. Marta naye alimwambia kwamba siku hizi mkamwana halali vizuri. Alijibu kwamba mumewe akirudi atalala.

Mwezi wa sita akaanza safari ya kuhesabu. Alianzia Rujewa, bondeni, kwenye mashamba ya mpunga na mazizi ya Wasangu, na kwa siku mbili hakupata mtu. Habari zilikuwa zimemtangulia kwamba kuna mtumishi wa serikali anahesabu watu, na mtu wa kuhesabu, kila mmoja alijua, hufuatwa na mtu wa kodi. Vijiji alivikuta vimebaki na kuku. Ilimbidi avue kofia ya kazi, akae chini, afunge vidonda na kutoa dawa za tumbo, ndipo wakaanza kujitokeza mmoja mmoja. Mzee Sedekia, mwenye ng'ombe wengi kuliko meno, alikuwa na uvimbe chini ya taya tangu kabla ya vita ya Wajerumani. Alisema humtekenya mvua ikikaribia, na kwamba hautoi hata akipewa dume. Eliezeri alimwandika namba moja.

Rujewa alipata watatu. Njiani kuelekea Iringa akapata wawili. Kwenye vijiji vya huko akapata wengine watano, wote na uvimbe wa kimya, wa kuteleza, wa kukatika. Kila alipomaliza mmoja alijaza fomu ya Dar es Salaam, yenye mstari wa jina, wa umri, wa mahali uvimbe ulipo, na chini kabisa mstari uliouliza mgonjwa alionwa kwanza na nani, lini. Mstari huo wa mwisho ulikuwa rahisi. Kwa wote kumi aliandika jina lake na tarehe ya siku hiyo, akajisikia vizuri.

Wa kumi na moja alikuwa Iringa mjini. Mfanyabiashara mmoja wa nguo, Yunusu, mtu wa ukoo wa pwani, alisikia habari zake akamtumia mtu kumwita. Alimpokea kwa kahawa na maneno ya heshima, akamwingiza ndani alikokuwa mkewe, Siwema, ameketi kwenye mkeka, ushungi umefunika nusu ya uso. Eliezeri alisimama nyuma yake kama alivyofundishwa. Upande wa kulia vidole vilikuta nyama laini. Upande wa kushoto vilikuta kitu kigumu kisichosogea, na mwanamke akashtuka kwa maumivu.

Akazunguka mbele, akamwomba ashushe ushungi, kisha afumbe macho. La kulia lilifumba. La kushoto lilibaki wazi, na ndani yake kile cheusi kikapanda juu taratibu mpaka ukabaki weupe mtupu. Eliezeri alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi yake, lakini weupe ule ulimtia baridi.

Yunusu, nyuma yake, alikuwa akieleza kwa utaratibu. Kilianza kama punje ya kunde, miaka minne iliyopita, wakati duka lao lilikuwa Mbeya. Hawakuzembea. Walikwenda hospitali asubuhi ileile, wakaambiwa ni matubwitubwi, wapake masizi na mafuta, yatakwisha yenyewe. Walipaka. Yeye alikuwa mtu wa kutunza karatasi, na cheti kile alikuwa nacho. Akafungua kisanduku, akakitoa, akamkabidhi.

Sahihi ilikuwa mchoro tu, haikusomeka. Lakini mwandiko ule ulionyooka, kila herufi imesimama kama askari kwenye gwaride, Eliezeri aliujua kuliko sura yake mwenyewe.

"Unamfahamu aliyeandika?" Yunusu aliuliza.

"Namfahamu."

"Ni mganga mzuri?"

Eliezeri alikikunja cheti, akakifungua, akakikunja tena. "Alikuwa na haraka," alisema.

Alimwandikia Siwema barua ya kwenda Dar es Salaam na akamwambia Yunusu wasikawie hata siku moja. Hakusema habari ya kisu. Alipojaza fomu, mstari wa mwisho ulimshinda. Aliuacha wazi, akajiambia kwamba ataujaza akifika Mbeya, penye meza nzuri.

Alifika Mbeya katikati ya mwezi wa saba, akaenda moja kwa moja kwenye daftari lake kabla hajaoga. Miaka sita ya mwandiko safi. Alihesabu walioandikwa matubwitubwi, akapata sitini na watatu. Watoto akawaweka kando. Wakabaki watu wazima ishirini na tisa, na humo akaanza kuona majina yanayorudi. Mkulima mmoja wa Kisafwa alikuwa amekuja mwaka hamsini na mbili, akaja tena hamsini na tatu, tena hamsini na tano, shavu lilelile. Didas, fundi wa matofali, mara nne. Mtu yeyote aliyewahi kulea mtoto anajua kwamba matubwitubwi huuma, hukaa wiki mbili, na yakishampata mtu huwa yamemalizana naye. Eliezeri alilijua hilo siku zote. Alikuwa anaandika bila kuinua kichwa, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nafasi ya kuandikia ilikuwa fupi, na neno moja lilikuwa linatosha vizuri katika ile nafasi.

Majina saba yalikuwa yamerudi. Aliyanakili kwenye karatasi ili akawatafute, mmoja mmoja, popote walipo. Aliona aibu kali, lakini palikuwa na nafuu kidogo ndani yake, kwa kuwa angalau sasa alikuwa na la kufanya. Akapanda mlima kwenda nyumbani akiamini baya kuliko yote ameshaliona.

Jua lilikuwa bado juu. Alikohoa mara mbili, akasikia hatua, akasikia mlango wa jiko. Hatua zilikuwa za polepole kuliko zamani, na mlango ulichelewa kufungwa. Damari akatoka mbio kumpokea, naye akambeba juu na kucheka, maana mtoto alikuwa na duara jeusi shavuni, chini ya sikio la kushoto, limechorwa kwa uangalifu mkubwa. Akatoa leso, akaanza kumfuta.

"Nani kamchafua mtoto huyu?"

"Kajichafua mwenyewe," Marta alisema kutoka kwenye kizingiti, akipepeta mchele. "Anamwiga mama yake."

"Mama yake anapaka masizi ya nini?"

Ungo ulisimama. Marta alimtazama kama mtu anayengoja mwenzake akumbuke jina lake. "Si wewe ulisema," alijibu.

Akakumbuka. Ilikuwa miaka mitatu nyuma, asubuhi, yeye ana sabuni usoni na saa inakimbia. Marta alikuwa amesimama nje ya dirisha akamwambia mkamwana ana kijiuvimbe chini ya sikio. Aliuliza kinauma? Marta akageuka jikoni, akauliza, akarudi na jibu kwamba hakiumi. Huwezi kumwambia mkamwana wako aje umtazame shavu, na hata wazo lenyewe halikumjia. Alisema ni matubwitubwi, apake masizi mpaka yaishe. Akasuuza wembe, akaenda kazini, na neno lile hakulifikiria tena mpaka leo.

Tusajigwe alilichukua kama lilivyotoka. Apake mpaka yaishe. Hayakuisha, naye hakuacha. Kila Jumamosi, Marta alieleza sasa, wakati mzee akipaka viatu vyake chokaa mbele ya nyumba, mkamwana alikuwa nyuma ya nyumba akikwangua chungu. Angerudi kumuuliza vipi? Mkamwana gani humwambia baba mkwe wake kwamba dawa yake imeshindwa? Na kwenda hospitali nyingine kungekuwa kumtangaza mzee mji mzima. Marta alikuwa ameona shavu linavyovimba mwaka huu, lakini aliishi na mganga, na mganga alikuwa ameshasema.

"Nilidhani unajua," alisema.

Eliezeri alimweka mtoto chini na kusema Tusajigwe aitwe. Marta aliingia jikoni, akakaa humo, akatoka peke yake. Binti amekataa. Amesema afadhali afe kuliko kuivunjia nyumba heshima. Eliezeri alisimama katikati ya ua, mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza maishani aliuchukia mwiko ule, akajichukia na mwenyewe aliyeupenda. Ndipo akamkumbuka daktari akimwonya asisimame mbele ya mgonjwa.

"Mwambie akae kwenye kigoda hapa nje," alisema, na sauti haikuwa kubwa kama kawaida. "Anipe mgongo. Ajifunike uso wote. Sitamwona."

Maneno yalikwenda na kurudi mara nyingi kati ya ua na jiko. Mwishowe Marta alitoka akimwongoza, khanga imefunika kichwa mpaka kifuani, akamkalisha akielekea migomba. Eliezeri alinawa mikono, akainawa tena. Alisimama nyuma yake, akapitisha mikono chini ya khanga, akaiweka bapa, kulia na kushoto kwa pamoja.

Kulia palikuwa laini. Kushoto palikuwa na kitu kikubwa kama yai la bata, kigumu, kimeshika mfupa, na masizi yakabaki kwenye vidole vyake.

Hakuwa amemwona uso. Alikuwa anaupima uvimbe sawasawa, kwa namna iliyo bora kuliko zote, na bado hakuwa amemwona uso. Mwiko haukuwa umevunjika zaidi ya kuguswa tu, na jambo hili lingewezekana Jumamosi yoyote katika hizo mia na zaidi, hatua kumi kutoka mahali alipokuwa akipaka viatu vyake. Akafumba macho.

Lilibaki swali moja, na kwa hilo ilipasa mtu asimame mbele. Hakuwa na haki ya kusimama huko, wala hakuwa na nguvu.

"Marta, mfunue wewe. Mwambie afumbe macho."

Marta alipiga magoti mbele ya mkamwana wake, akainua khanga. Upepo ulikuwa ukitikisa migomba. Damari alikuwa amekaa chini karibu nao, akijaribu kulirudisha duara lake kwa mkaa.

"Amefumba," Marta alisema.

Eliezeri akauliza, "Yote mawili?"

Marta alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Aliyejibu alikuwa Tusajigwe, na katika miaka minne hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba mkwe wake. Midomo yake haikukutana vizuri, na neno la mwanzo lilitoka limekatika.

"Baba," alisema, "la kushoto halifumbi tangu Pasaka. Ndiyo maana silali."

Siku ya pili, kabla gari la kwenda Dar es Salaam halijaondoka, Eliezeri alikaa mezani kwake kumalizia fomu. Kwenye ile ya Siwema, mstari wa mwisho, aliandika jina lake mwenyewe na tarehe ya miaka minne nyuma. Kisha akachukua fomu ya kumi na mbili. Jina, Tusajigwe. Umri, ishirini na mbili. Mahali, kushoto, chini ya sikio. Alipofika kwenye mstari uliouliza mgonjwa alionwa kwanza na nani, lini, aliandika kwa mwandiko wake uleule ulionyooka: hakuonwa.